Ukiambiwa hujapata kazi, ijibu ile meseji

Juzi kijana mmoja wa Masasi kanifowadia imeili aliyotumiwa na kampuni aliyofanya nayo usaili, ile inayoanza na "tunasikitika kukujulisha", halafu chini kaandika dada sasa hii naifuta au nafanyaje? Nikamwambia usifute, ijibu. Akapiga simu kabisa, najibu nini dada wakati wameshaninyima? Hili swali naulizwa karibu kila wiki na naona watu wanapoteza nafasi ambayo bado ilikuwa mlangoni, kwa hiyo leo nimekaa niandike yote ninayoyajua.

Mimi ni HR hapa Mtwara, huu mwaka wa 12, zaidi naajiri watu wa maghala na usafirishaji. Ngoja niwaambie kinachotokea upande wetu wa meza mkishatoka nje. Jopo huwa watu watatu au wanne, kila mmoja na karatasi yake ya alama, tukimaliza tunajumlisha, anapatikana wa kwanza, wa pili, wa tatu. Tunampigia wa kwanza, anasema nimekubali, na sekretari anawatumia wengine wote taarifa ya kutochaguliwa kwa mkupuo mmoja. Wewe ukiisoma unaona mlango umefungwa. Mimi ninayeshika faili najua haujafungwa, kwa sababu yule wa kwanza kakubali kwa mdomo tu, mkataba hajasaini, afya hajapima, wadhamini wake sijawapigia, na huko anakofanya kazi hajatoa notisi, akiitoa bosi wake anaweza kumwongezea mshahara akabaki hukohuko.

Na sisi wa kusini tuna shida yetu ya ziada. Mtu anaomba kazi akiwa Dar au Mwanza, anaipata, anafurahi, halafu usiku ndo anakaa na mwenzake wanaanza kupiga hesabu, ni kilomita kama 560 kutoka Dar mpaka hapa, watoto wako shule, mama ana biashara yake, nyumba ya kupanga Shangani bei gani, asubuhi napokea simu, dada samahani sana familia imeshindwa kuhama. Hiyo simu naijua mpaka sauti yake, mtu anaanza na salamu ndefu. Hata akija bado kuna kipindi cha majaribio, na ile miezi 6 ya kwanza sehemu ya sheria inayomlinda mfanyakazi asiachishwe isivyo haki inakuwa bado haijamfikia, kwa hiyo kuachana kunakuwa kwepesi pande zote mbili na wengi wanaachana humo humo.

Likitokea hilo natangaza upya? Kutangaza ni wiki tatu au nne na kazi imesimama. Nafungua faili namtafuta wa pili, na hapo ndo jibu lako linapofanya kazi, maana nachotaka kujua saa hiyo ni vitu viwili tu, huyu mtu bado yupo, na je ana kinyongo na sisi.

Mwaka juzi tulikuwa tunatafuta karani wa mizani. Ilikuwa mwisho wa Septemba, na mnajua huku kwetu Oktoba ikiingia minada ya korosho inaanza, malori yanapanga foleni kuanzia alfajiri, huwezi kukaa bila mtu kwenye mizani hata siku moja. Wa pili na wa tatu walipishana alama moja. Taarifa zikatoka Ijumaa. Wa pili akanitumia voisi WhatsApp, sekunde arobaini na kitu, anasema usaili ulikuwa geresha, mtu wenu mlikuwa naye tangu mwanzo, na akaituma pia kwa bosi maana namba alikuwa nayo. Wa tatu alikuwa binti wa Mikindani, akatuma meseji ya kawaida Jumamosi asubuhi. Nimemuomba ruhusa naiweka hapa kama ilivyo:

"Habari za asubuhi dada. Nimepokea taarifa kuwa sikuchaguliwa nafasi ya karani wa mizani, usaili wa Jumanne. Nashukuru kwa muda wenu na kwa kutuonyesha ile mizani ya malori, sikuwahi kuiona kwa karibu. Ikitokea nafasi kama hii tena naomba mnikumbuke, nipo Mikindani na naweza kuanza hata siku inayofuata. Namba yangu ni hii hii. Nawatakia msimu mwema."

Nikachukua penseli, pembeni ya jina lake nikaandika "yupo, anaanza mara moja". Wa kwanza hakutokea. Siku ya kuripoti tulimsubiri mpaka saa nne, simu haipokelewi. Saa tano nikampigia yule binti, kesho yake saa moja kasoro alikuwa getini na vyeti vyake kwenye bahasha ya kaki. Mtu ataniuliza umemruka wa pili kwa sababu ya voisi tu? Ndiyo, na ningefanya vile vile leo. Karani wa mizani anasimama kati ya dereva aliyekesha na mwenye mzigo anayeona kaibiwa kilo, watu wanamfokea kutwa nzima, na mimi nilikuwa nimeshasikia yeye akikasirika anafanyaje.

Sasa iangalie ile meseji vizuri, mtoto wa watu hakufundishwa na mtu ila kila sentensi inabeba kitu. Kataja nafasi na siku ya usaili, hiyo inanisaidia maana naweza kuwa na mafaili matano yanaendelea kwa wakati mmoja na sikumbuki majina. Kashukuru kitu kimoja kilichotokea kweli, ile mizani, sio shukrani za jumla jumla, nikajua alikuwa makini. Hajabishana na matokeo. Kasema yuko wapi na anaweza kuanza lini, na hii ndo sentensi ambayo wengi wanaisahau wakati ndo inayonifanya nikupigie wewe badala ya mwingine, hasa hapa Mtwara na Lindi ambako kuwa karibu ni sifa kubwa mno. Kisha akanyamaza. Sentensi tano sita, basi.

Hakuandika usiku ule ule, na hilo nalisisitiza sana. Ukipokea Ijumaa lala nayo, lia kama kuna kulia, mwambie mama au rafiki, andika kesho yake. Ikipita siku tatu nne bado ni sawa. Jibu kwa njia waliyokuletea, wametuma imeili jibu imeili ile ile ili faili lote libaki pamoja, wametuma meseji jibu meseji, wamepiga simu waambie asante nimeelewa, kisha kesho yake tuma maandishi, maana maneno ya simu hayaingii kwenye faili. Barua yao ikiwa ya Kiingereza na wewe Kiingereza unakimudu jibu hivyo, kama hukimudu Kiswahili safi ni bora mara mia kuliko kunakili kitu mtandaoni, nimeshapokea jibu ambalo pa kuandika jina la kampuni pameachwa wazi na mabano yake.

Matatizo ya nyumbani usiyaweke. Naandika hili kwa uchungu kwa sababu nayasoma na najua ni ya kweli, baba anaumwa, ada ya mdogo wako, mwaka wa tatu huna kazi, lakini jopo haliwezi kubadili alama kwa hayo, na nikifungua faili mwezi ujao mwenzangu wa jopo atasoma ile huruma kabla hajasoma uwezo wako. Na usimtume mtu. Huku tumezoea, kuna mjomba halmashauri, kuna shehe anamjua bosi, kuna mama alisoma na mkurugenzi. Mji wetu mdogo, Chuno na Ligula unatembea kwa mguu, nikiletewa salamu na mjomba wako nabaki naogopa kukuchukua hata kama ulistahili, kwa sababu wenzangu watasema umebebwa. Na stetasi za WhatsApp za kulalamika pia usiweke, hata kama hujataja jina la kampuni, tunaonana.

Kuhusu kuuliza kwa nini hukuchaguliwa, uliza, ila uliza kidogo. Swali la "kwa nini mmenikataa" HR wengi hawalijibu kwa sababu wanaogopa majibu yao yatarudi kama ushahidi. Ukiandika "kama inawezekana, naomba kujua eneo moja ninalopaswa kuliboresha, hasa upande wa hesabu za stoo", hilo naweza kulijibu kwa mstari mmoja nikiwa hata nakunywa chai. Wasipojibu usiulize tena.

Kitu kingine wachache wanakijua, waambie kwa maandishi kwamba unaridhia waendelee kutunza CV yako kwa nafasi zijazo. Toka ije Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ofisi zilizo makini hazitaki kukaa na taarifa za mtu kupita muda unaohitajika, na ukiwa umeridhia mwenyewe inakuwa rahisi kwangu kukubakiza.

Serikalini ni tofauti kidogo. Ukiwa umeomba kupitia Ajira Portal hakuna wa kumwandikia shukrani, majina yanatoka kwenye tangazo la kuitwa kazini na usipojiona ndo taarifa yenyewe hiyo. Lakini waliofaulu usaili wakazidiwa kwa nafasi huwekwa kwenye kanzidata ya Sekretarieti ya Ajira, na mara nyingi matangazo yanayofuata yanakuwa na majina yaliyotoka humo. Kwa hiyo kazi yako ni akaunti, namba ya simu iwe inapatikana, vyeti vimekaa sawa, na matangazo unayafungua hata ya kada ambayo usaili wake ulishaisha zamani. Kuna watu waliitwa kazini jina likakaa pale na wenyewe walishaacha kuangalia.

Na kama unaamini kabisa umenyimwa kwa sababu ya kabila, dini, ujauzito, ulemavu au hali ya VVU, hapo sikwambii unyamaze. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kifungu cha 7 inakataza ubaguzi na inamhesabu mwombaji kazi pia. Tunza tangazo, tunza meseji, andika ulichoulizwa kwenye usaili na nani alikuuliza ukiwa bado unakumbuka, nenda ofisi ya kazi au Tume ya Usuluhishi na Uamuzi mapema, kwa sababu migogoro isiyo ya kuachishwa kazi ina siku 60 tu. Hata hapo jibu la adabu halikuharibii chochote. Linasaidia, maana linaonyesha hukuja na hasira.

Mimi mwenyewe mwaka 2010 nilikwenda Dar kwenye usaili kutokea Lindi, ilikuwa masika, na wakati ule kipande cha Ndundu mpaka Somanga kilikuwa bado hakina lami, tulisukuma basi kwenye tope, nikafika na kiatu kimoja kimeachia soli. Nikakosa. Sikujibu kitu, niliona aibu kuandika. Miezi mingi baadaye niliambiwa na dada aliyekuwa mapokezi kwamba aliyechaguliwa alikaa wiki tano akaondoka, na walipotafuta mwingine wakamchukua aliyekuwa amewaandikia. Sijui kama nilikuwa wa pili au wa kumi. Ila walikuwa na namba yangu na hawakuwa na neno langu hata moja.

Kama taarifa yako umeipata mwezi uliopita na ukaiacha, bado unaweza kuandika leo. Usiombe radhi kwa kuchelewa mistari mitatu, sema tu "niliomba nafasi fulani mwezi uliopita na mkanijulisha sikuchaguliwa, nashukuru, bado naipenda kazi hiyo na nipo tayari ikitokea", weka namba inayopatikana, tuma. Yule kijana wa Masasi ya kwake kaituma jana saa tatu asubuhi, tuliipunguza ikabaki sentensi tano, na ile ya "mungu atawalipa" nikamwomba aitoe.