Kukata tanga kwa karatasi: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kila ninapotandaza karatasi za rangi mezani nitengeneze kolaji, yaani picha ya vipande vilivyokatwa na kubandikwa, ya vyombo vya baharini, anayepita huwa na neno. Baadhi ya maneno hayo nimeyasikia mpaka nimeyakariri, na yanawavunja moyo wanaoanza, kwa hiyo nayajibu hapa.

"Sanaa dhahania ni kukatakata ovyo."

Hili ndilo linaloumiza zaidi. Sanaa dhahania haionyeshi kitu kizima kilivyo, hubakiza maumbo yake machache tu. Kolaji dhahania ya matanga huanza kwa kukitazama chombo mpaka ukijue, ndipo unaanza kuondoa. Itazame jahazi. Mlingoti wake hausimami wima, umeinamia kidogo mbele, upande wa omo. Foromali, ule mti unaobeba tanga, imelala mshazari, ncha moja iko chini karibu na omo na nyingine imepanda juu kuelekea tezi, yaani nyuma. Tanga limefungwa kwenye foromali hiyo, na likishajaa upepo linafanya tumbo. Sasa ondoa mabaharia, ondoa kamba, ondoa mbao na jina lililoandikwa ubavuni. Bakiza mshazari na tumbo.

Ni vipande viwili tu vya karatasi, lakini ukivikata kwa kujua, mtu aliyekulia pwani atakuambia hilo ni jahazi na upepo unatokea wapi. Ukiusimamisha mlingoti wima na kuupachika pembetatu ya pande sawa, umepata boti ya kitabu cha chekechea, hata ukiipa rangi nzuri namna gani.

Tumbo la tanga nalo lina mkono wake. Mkasi hautembei, unaushika palepale na kuigeuza karatasi kwa mkono wa pili, ijilishe yenyewe katikati ya makali. Usiufunge mkasi mpaka nchani. Ukiufunga, kila mara unaacha kinundu kidogo, na tanga lenye vinundu halina upepo ndani yake.

"Tanga la kwetu ni pembetatu tangu enzi."

Mtepe haukuwa hivyo. Chombo hicho cha pwani yetu, kilichojulikana sana upande wa Lamu, kilishonwa kwa kamba za nazi badala ya kupigiliwa misumari, na tanga lake lilikuwa mkeka wa pembe nne. Mimi naona mtepe ni zawadi kwa mtu wa karatasi. Kata kanda nyembamba za kaki na za rangi ya udongo, zisuke moja juu moja chini kama msusi wa mikeka anavyosuka ukili, kisha ukate mstatili katika msuko huo. Tanga limepatikana, na jicho linaushika ule msuko kabla halijauliza kama hicho ni chombo au la.

"Picha dhahania haina juu wala chini."

Wanaosema hivi hupenda kutoa mfano wa Henri Matisse. Mwaka 1953, mwaka mmoja kabla ya kufa, mchoraji huyo Mfaransa alitengeneza kazi ya karatasi iliyokatwa iitwayo Le Bateau, yaani mashua: tanga na kivuli chake majini, kwa mistari michache tu. Mwaka 1961 jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa la MoMA mjini New York liliitundika kichwa chini, ikakaa hivyo siku 47 huku maelfu ya watu wakipita mbele yake.

Lakini kisa hakiishii hapo. Mgeni mmoja aliitilia shaka. Alitazama akaona umbo lenye mambo mengi limewekwa chini na lile hafifu limewekwa juu, na hakuamini kwamba Matisse angeweza kupanga hivyo. Alikuwa sahihi, na picha ikageuzwa. Kivuli majini ni hafifu kuliko kitu chenyewe, kwa sababu maji yanatikisika. Aliyekuwa akilijua hilo aliliona hata kwenye mistari michache. Kwa hiyo ukikata tanga na kivuli chake, usivikate pacha: cha chini kikatwe kwa mkono mlegevu zaidi, hata kivunjwe mahali.

"Usiyejua kuchora, usijaribu."

Matisse mwenyewe baada ya upasuaji wa 1941 alifanya kazi kitandani na kwenye kiti cha magurudumu. Wasaidizi walipaka karatasi rangi, yeye akakata moja kwa moja kwa mkasi bila kuchora kwanza, kisha vipande vikabandikwa ukutani kwa pini na kuhamishwa mpaka vitulie. Fanya hivyo hivyo. Gundi ije mwisho kabisa.

"Bahari ni buluu."

Nenda kaitazame. Kwenye mchanga mweupe usio na kina ni kijani cha embe bichi. Penye majani ya baharini inakuwa nyeusi. Kwenye mkondo kati ya mikoko ni kahawia, na saa sita mchana, jua likiwa utosini, ni fedha tupu. Bahari ya zambarau na tanga la machungwa huwa na ukweli kuliko buluu mbili zilizowekwa pamoja, kwa kuwa rangi ya joto husogea mbele na ya baridi hurudi nyuma. Tanga linatoka lenyewe.

"Gundi nyingi ndiyo inayoshika."

Gundi nyingi ndiyo inayokunja. Karatasi ni nyuzi. Zikinywa maji hutanuka, tena zaidi kwa upana kuliko kwa urefu wake. Kazi yangu moja iliharibika hivi: nilipaka gundi ya maji kwa wingi nyuma ya anga kubwa ya manila, asubuhi nikakuta anga imefanya mawimbi kuliko bahari. Paka safu nyembamba, anzia katikati kwenda kingoni, bandika juu ya kadibodi ngumu, funika kwa karatasi isiyoshika gundi, lundika vitabu juu mpaka kesho yake.

Na usitundike karatasi za rangi za bei rahisi mahali panapopigwa na jua. Nyingi hupauka upesi.

"Masalio ni takataka."

Ukikata tanga, mkononi unabaki na karatasi yenye tundu la umbo lile lile. Usiitupe. Iweke juu ya buluu nzito: tundu linageuka tanga la pili, na hili limeundwa na bahari inayoonekana ndani yake. Lisogeze juu kidogo, karibu na upeo wa macho, ulilaze zaidi kuliko lile la kwanza. Sasa una vyombo viwili vinavyobisha, yaani vinavyokwenda mshazari kuukabili upepo wa kaskazi, kimoja kimekaribia kufika.