Riski ya kuumia na rekodi ya kuumia ni vitu viwili

Kila msimu wa kuchagua vijana wa basketi unapokaribia hapa Lubumbashi, maneno yaleyale yanarudi pembeni mwa uwanja. Analetwa kijana wa miaka 16, mita 1.98, mikono mirefu, anaruka vizuri. Mtu anamnong'oneza kocha: "Uyu ni riski, muache. Aliumia goti mwaka jana." Muda mfupi baadaye mwingine anasifiwa kwamba hana riski yoyote kwa sababu hajawahi kuumia. Wote wawili wameshahukumiwa, na hakuna riski yoyote iliyopimwa.

Riski ya kuumia ni makadirio: kuna uwezekano gani mchezaji huyu aumie ndani ya kipindi fulani, akibeba kiasi fulani cha mazoezi na mechi, na akiumia jeraha litakuwa zito kiasi gani na nani atabeba hasara yake. Kipindi kisipotajwa na mzigo usipotajwa, hapo bado tunazungumzia hisia. Fasili yenyewe inaishia hapo, haina ugumu.

Ugumu unaletwa na rekodi. Rekodi inaeleza yaliyopita, riski inauliza yajayo. Ni kweli yana undugu wa karibu. Katika basketi kiungo kinachoumia mara nyingi zaidi ni kifundo cha mguu, na aliyewahi kuteguka kifundo ndiye aliye karibu zaidi na kuteguka tena. Lakini uliza kwa nini. Mara nyingi alirudi kucheza uvimbe ulipopungua tu. Misuli ya pembeni ya mguu haikurudishiwa nguvu, na mguu ukapoteza ule wepesi wa kuhisi umekaa vipi chini kabla ya kupinda. Hayo yote yanarekebishika kwa mazoezi ya kusimama mguu mmoja, kurukaruka na kubadili mwelekeo, yakifanywa wiki kadhaa mfululizo. Kwa hiyo vijana wawili walioteguka kifundo kilekile, mwezi uleule, mmoja akafanya mazoezi hayo na mwingine akafunga bandeji na kurudi, wana rekodi moja na riski mbili tofauti kabisa. Anayesoma rekodi peke yake atawakataa wote wawili, au atawachukua wote wawili, na kote huko atakuwa amekosea kwa mmoja wao.

Wamarekani wenye madaktari na mashine zote wamejifunza hili kwa gharama kubwa. Mwaka 2009 DeJuan Blair aliingia kwenye drafti, yaani uteuzi ambao timu za NBA, ligi kuu ya basketi ya Marekani, huchagua vijana kwa zamu, akiwa hana ligamenti ya msalaba ya mbele, ile kamba inayoshikilia goti lisiteleze, katika goti lolote kati ya mawili. Alikuwa ameziumiza zote mbili akiwa shule ya sekondari. Timu zikamwogopa, akaanguka hadi nafasi ya 37, San Antonio wakamchukua. Msimu wake wa kwanza alicheza mechi zote 82. Miaka miwili kabla yake, 2007, Portland walimchagua Greg Oden wa kwanza kabisa, mbele ya Kevin Durant aliyekuja kuwa nyota mkubwa. Septemba ya mwaka huohuo Oden akafanyiwa upasuaji wa goti la kulia, msimu wote wa kwanza ukapotea, na hadi anaachana na Portland alikuwa amewachezea mechi 82 tu kwa jumla. Blair alicheza idadi hiyohiyo ndani ya msimu mmoja, na hana ligamenti.

Sisemi magoti ya Blair yalikuwa mazima. Madaktari walioona picha zake walikuwa na haki ya kushtuka. Ila swali walilopaswa kujibu lilikuwa: kwa nafasi ya 37, kwa mkataba wa bei ndogo, kwa miaka miwili au mitatu, inafaa? Jibu lilikuwa ndiyo. Joel Embiid wa Kameruni naye alipasuliwa mguu wa kulia siku chache kabla ya drafti ya 2014, ufa ukiwa kwenye mfupa wa katikati ya unyayo, mahali pabaya sana kwa mtu mrefu kama yeye. Philadelphia walikuwa wanajenga timu upya, hawana haraka, wakamchukua wa tatu. Akakaa misimu miwili bila kucheza hata mechi moja, na mwaka 2023 akawa mchezaji bora wa ligi. Timu iliyotaka ubingwa mwaka uleule ingekuwa na sababu nzuri ya kumkataa. Mguu ni uleule, riski inabadilika kulingana na nani anauliza.

Nirudi kwenye "hajawahi kuumia," kwa sababu hilo ndilo linaloniumiza moyo kuliko lile la kwanza. Wanaolisema wanadhani wanamsaidia mtoto.

Kwanza, amecheza kiasi gani? Wanaochunguza majeraha ya michezo huyahesabu kwa kila saa 1,000 za kucheza, kwa sababu asiyeingia uwanjani haumii. Kijana wa Katuba, hapa hapa mjini, aliyeanza basketi mwaka jana kwa kuwa amerefuka ghafla, anayefanya mazoezi mara mbili kwa wiki, rekodi yake safi haituambii chochote. Mpeleke kambini, mazoezi asubuhi na jioni siku sita kwa wiki, ndipo mwili wake utaanza kusema. Kuongeza mzigo ghafla kwa mwili usiouzoea ni sababu ya kuumia inayojulikana vizuri, na rekodi safi ya namna hiyo inapaswa kumfanya kocha aende polepole zaidi.

Pili, rekodi hiyo iliandikwa na nani? Wengi wa vijana wetu hawana faili kwa daktari yeyote. Goti lilivimba, mama akalikanda kwa maji ya moto, kesho mtoto akaenda shule, basi. Halafu siku ya uteuzi anaulizwa mbele ya wenzake arobaini kama ana maumivu mahali popote, na nafasi ni chache. Atasema nini? "Niko muzuri, kocha." Kila mtoto kwenye mstari anajibu hivyohivyo, kwa sababu wameona aliyesema ukweli mwaka uliopita alivyofutwa jina. Tukimwadhibu anayetaja maumivu, tutabaki na orodha ya wanaojua kunyamaza, kisha tutaiita orodha ya wasio na riski.

Tatu kuna umri, na hapa tunaharibu wenyewe. Wavulana wengi hurefuka kwa kasi kubwa zaidi wakiwa na miaka 13 au 14, wasichana mapema kidogo. Wakati huo mfupa unatangulia, misuli na kano vinafuata nyuma, na wengi hupata maumivu na uvimbe mdogo chini ya kikombe cha goti, pale kano inaposhika mfupa wa muundi. Madaktari wanaiita Osgood-Schlatter. Inauma kwelikweli, inahitaji kupunguziwa mbio na kuruka kwa muda, na kwa wengi huisha ukuaji unapokamilika. Msimamizi asiyeijua anaandika "magoti mabovu," na mtoto mzima anaondoka na jina hilo. Sasa chukua kijana wa miaka 19 aliyeandikwa 15. Akilalamika maumivu karibu na hapohapo, yeye hana ukuaji wa kusingizia. Huenda kano ya goti imechoka kwa kuruka kupita kiasi, na matibabu yake ni mengine. Aliyepunguza umri amemnyima daktari kipimo chake cha kwanza. Tena lawama inawaangukia hata wasiohusika: Bismack Biyombo, mtoto wa jiji hili hili, alizungukwa na maswali ya umri kabla ya kuchaguliwa wa saba mwaka 2011, na baada ya hapo amecheza NBA zaidi ya miaka kumi.

Kuhusu wasichana, karibu kimya kitupu. Katika basketi, msichana yuko katika hatari ya kukatika ligamenti ya msalaba ya goti mara mbili au tatu zaidi ya mvulana, na mara nyingi inakatika bila kuguswa na mtu, wakati wa kutua au kugeuka. Hata hivyo neno riski huwa tunalisikia kwenye uteuzi wa wavulana tu.

Kuna kitu cha kuangalia kisichohitaji hospitali. Mwambie mchezaji asimame juu ya benchi fupi, sentimita 30 hivi, adondoke kwa miguu miwili na papo hapo aruke juu kadiri awezavyo. Simama mbele yake, mrekodi kwa simu, kisha tazama taratibu. Magoti yanaelekea vidole vya miguu, au yanakutana ndani kama yanataka kubusiana? Anakunja magoti na nyonga, au anatua amenyooka kwa kishindo? Upande mmoja unabeba kuliko mwingine? Zoezi hili halitabiri nani ataumia, na anayelitumia kumwondoa mtoto kwenye uteuzi analitumia vibaya. Linaonyesha cha kufundisha, na kutua kunafundishika.

Usisahau pia kutazama chini. Saruji iliyopasuka chini ya kikapu, vumbi jekundu la kiangazi juu yake, kiatu cha mitumba ambacho soli imekwisha na ni kikubwa kwa namba moja: yote hayo yamo ndani ya hesabu ya riski, lakini kwenye karatasi tunayaandika kwa jina la mtoto. Mtoto yuleyule kwenye sakafu ya mbao, akipata usingizi wa muda wa saa nane au zaidi kila usiku na kula vizuri, ana riski nyingine.

Kwa hiyo, mwalimu, ukifika kwenye mstari wa afya katika karatasi ya uteuzi, liache neno riski kwanza. Andika unachokijua: kifundo cha kulia kiliteguka Februari, alipumzika wiki mbili, hakufanya mazoezi ya kurudisha nguvu, anachuchumaa bila maumivu, anaruka kwa mguu wa kushoto vizuri kuliko wa kulia. Kisha andika mzigo unaoona anauweza: mazoezi matatu kwa wiki anaweza, mechi mbili kwa siku moja bado, atazamwe tena baada ya wiki sita. Na pale ulipozoea kuandika "hajawahi kuumia," andika "haijulikani," halafu mtafute mama yake umuulize, mtoto akiwa mbali.