"Ukimfundisha ataondoka": dhana zinazowakosesha waajiri watu wao

"Nimlipie kozi, halafu achukuliwe na mshindani wangu?" Husema hivyo mwenye duka la watu wanne, husema hivyo mkurugenzi wa kiwanda, na wote humalizia na methali ileile: shukrani ya punda ni mateke. Tuanze na hii, maana ndiyo inayoharibu mengi.

Dhana: Mafunzo humwandaa mtu kuondoka

Mara nyingi kinachomwondoa si alichojifunza, ni anachokikuta akirudi. Chukua fundi aliyepelekwa wiki mbili kujifunza kuhudumia mashine mpya. Jumatatu anaripoti kazini. Funguo za kabati la vipuri zimo mfukoni mwa msimamizi, nywila ya mashine anaijua bosi peke yake, na yeye anapangiwa kupangusa na kutia grisi kama zamani. Cheo kilekile, mshahara uleule. Baada ya miezi mitatu ujuzi umeanza kuota kutu, na wa kwanza kumwambia "njoo uifanye ile uliyosomea" anaondoka naye. Mwajiri anabaki kulaumu kozi.

Hofu yenyewe ina chembe ya ukweli, na mwanauchumi Gary Becker aliichambua vizuri mwaka 1964. Kuna ujuzi wa jumla, kama uhasibu au udereva, unaotumika popote. Kuna ujuzi mahususi, kama mfumo wenu wa oda au tabia za mashine zenu, ambao nje ya geti lenu hauna mnunuzi. Ule wa jumla humpandisha mtu thamani sokoni. Usipougusa mshahara wake baada ya hapo, mwingine ataugusa. Dawa basi ni kuyapitia upya malipo yake, si kumnyima mtu mafunzo.

Kabla hajaenda, andikeni karatasi moja: atajifunza nini, akirudi atakabidhiwa kazi gani, na malipo yatapitiwa lini. Ndani ya siku 14 tangu arudi, awe ameshaifanya kazi hiyo kwa mikono yake. Ndani ya siku 30, awe amemfundisha mwenzake angalau mmoja. Ujuzi ukiwa kwa wawili, kuondoka kwa mmoja hakusimamishi kazi. Siku ya 90 mkae mzungumze cheo na mshahara. Ukitimiza hayo na bado akaondoka, angalau kazi yake umeipata na mrithi unaye.

Wengine hukimbilia mkataba wa kurudisha gharama. Si vibaya ukiwa wa haki: gharama halisi ya kozi tu, muda unaojulikana, na deni linalopungua kila mwezi. Kama mmekubaliana miezi 12, anayeondoka baada ya miezi 9 adaiwe robo. Mwonyesheni mwanasheria kwanza, kwa kuwa sheria za kazi hutofautiana. Ila anayebaki kwa sababu ya deni huwa anahesabu siku, na kazi yake huonyesha hivyo.

Na jamani, mafunzo si lazima yawe semina ya hotelini inayoacha kalamu na fulana. Marekani ilipokuwa ikijaza viwanda vyake wafanyakazi wapya wakati wa Vita Kuu ya Pili, wasimamizi walifundishwa hatua nne ambazo mpaka leo hazijapitwa. Mwandae mtu, umuulize anajua nini tayari. Mwonyeshe kazi hatua kwa hatua, ukikazia pale panapoharibika. Mwache aifanye mwenyewe huku akikueleza kwa nini anafanya hivyo. Kisha mwachie, umwambie nani wa kumuuliza, na uwe unampitia, mara nyingi mwanzoni na kwa nadra baadaye. Wasimamizi wengi huishia hatua ya pili, halafu wanasema kijana hafundishiki.

Dhana: Pesa ndiyo kila kitu (na pacha wake: "sisi hapa ni familia")

Mwaka 1913 watu waliacha kazi kwa wingi katika kiwanda cha magari cha Henry Ford, hata kikaajiri zaidi ya watu 52,000 ili kibaki na kama 14,000. Januari 1914 akatangaza dola 5 kwa siku kwa waliotimiza masharti, zaidi ya maradufu ya awali, na saa za kazi zikashuka kutoka 9 hadi 8. Watu wakatulia. Kwa hiyo neno "familia" halilipi kodi ya nyumba. Lakini mshahara ukishatosha, nyongeza peke yake haimfanyi mtu ajitume. Hapo hutafuta kutambuliwa, kuaminiwa na kazi yenye maana.

Dhana: Asiyelalamika ameridhika

Huenda ameshakata tamaa. Angalia anayeacha kuchangia vikaoni na kuanza kuomba likizo ya siku mojamoja. Kila miezi mitatu kaa na kila mtu dakika 20: nini kinakukwamisha, ungependa kujifunza nini, kitu gani kingekuondoa hapa? Tekeleza walau jambo moja ndani ya wiki mbili. Kama huna nia ya kutekeleza, usiulize.

Dhana: Ukiwatendea vizuri watakupanda kichwani

Wanaopanda kichwa hupandishwa na upendeleo: mpwa wa bosi anachelewa kimya kimya, mwingine anakatwa posho. Onyo litolewe faraghani, litaje kosa lenyewe, na liwe na tarehe ya kukagua kama amejirekebisha.

Dhana: Wa kuziba nafasi wamejaa getini

Piga hesabu. Siku ambazo nafasi ilikuwa wazi, saa za kuchuja maombi na kufanya usaili, saa za msimamizi aliyeacha kazi zake ili amwelekeze mgeni. Mgeni mwenyewe akienda nusu mwendo kwa miezi mitatu, umelipa mishahara mitatu kwa kazi ya mwezi mmoja na nusu, na hapo bado hujagusa alivyoharibu wala wateja waliozoea kumuulizia yule aliyeondoka.