Mtoto Mwanajimnastiki Apandishwe Ngazi Lini?

Mzazi ambaye mtoto wake amerudi nyumbani na medali ya jimnastiki huwa na swali moja kwa mwalimu: je, sasa apandishwe ngazi? Ni swali la haki, na kwa maoni yetu sisi tunaohudumia afya ya watoto wanamichezo hapa Dodoma, medali ni kipimo hafifu cha kulijibu. Medali hueleza jinsi mtoto alivyofanya katika siku yake njema, mbele ya washindani waliojitokeza siku hiyo. Uamuzi wa kumpandisha unapaswa kuegemea siku yake mbaya: siku aliyolala kwa taabu, siku ya joto kali la Novemba, siku aliyogombana na rafiki yake shuleni. Ikiwa hata siku kama hiyo anafanya mazoezi yote ya ngazi aliyopo kwa usalama na kwa umbo sahihi, basi ngazi hiyo ameimudu, na mazungumzo ya kupanda yanaweza kuanza.

Kwa wasioufahamu mchezo huu vizuri, ngazi ni hatua zilizopangwa kuanzia mazoezi mepesi, kama vile kubingirika mbele na kusimama kwa mikono, hadi mizunguko ya hewani inayohitaji miaka mingi ya maandalizi. Marekani, kwa mfano, ina programu ya maendeleo yenye ngazi 1 hadi 10. Katika ngazi 1 hadi 5 watoto wote wa ngazi moja hufanya mfululizo uleule wa mazoezi uliopangwa tayari, na kuanzia ngazi ya 6 kila mmoja huandaliwa mfululizo wake. Kundi la wateule lipo juu ya ngazi ya 10. Kuna umri wa chini uliowekwa, na kuna alama ambazo mtoto hutakiwa kuzifikia kabla ya kuvuka kwenda ngazi inayofuata. Mwalimu wa hapa nyumbani, awe anafundisha kwenye klabu au kwenye bwalo la shule, anaweza kujifunza kutokana na mpangilio huo bila kuunakili wote, kwa kuwa wazo lililo nyuma yake ni jema: hakuna anayevuka kwa kubahatisha.

Hata hivyo, alama za jumla zina udhaifu ambao mzazi anapaswa kuujua. Wasichana hushindana katika vifaa vinne, yaani kifaa cha kurukia, mapau mawili yasiyolingana, boriti na sakafu, na katika ngazi za watoto kila kifaa huwa na alama 10, hivyo jumla ni 40. Tuchukue mtoto aliyepata 9.2 kwenye sakafu, 9.1 kwenye kifaa cha kurukia, 9.0 kwenye mapau na 7.4 kwenye boriti. Jumla yake ni 34.7, na kwa mtazamo wa haraka mtoto huyo yuko tayari. Lakini alama 7.4 kwenye boriti maana yake ni kwamba ameanguka au ameyumba mara kadhaa, na ngazi inayofuata itamtaka afanye jambo gumu zaidi juu ya mbao hiyohiyo yenye upana wa sentimita 10. Ndiyo maana tunawashauri walimu waangalie kifaa ambacho mtoto ni dhaifu zaidi, na kukipa uzito mkubwa kuliko jumla.

Kipimo chepesi tunachopendekeza ni simu ya mkononi. Mrekodi mtoto kwa mbele anapotua kutoka kwenye zoezi gumu kuliko yote ya ngazi yake, mara 10 mfululizo, bila kumwambia lipi litahesabiwa. Tazama magoti. Magoti yanayoelekea kule vinakoelekea vidole vya miguu ni dalili njema. Magoti yanayoingia ndani na kukaribiana wakati wa kutua yanaonyesha kuwa misuli ya nyonga na mapaja haijawa na nguvu ya kuhimili mshindo huo, sembuse ule wa ngazi ya juu. Mtoto anayetua vizuri mara 8 au zaidi, wiki baada ya wiki, anatoa ushahidi wa kuaminika kuliko cheti chochote cha mashindano.

Jambo ambalo wazazi wengi hawalitarajii, na ambalo kwa uzoefu wetu ndilo zito kuliko yote, ni ukuaji wenyewe. Kabla ya kubalehe mtoto huongezeka urefu wa takriban sentimita 5 hadi 6 kwa mwaka. Baadaye hufika kipindi ambacho mwili unarefuka kwa kasi: kwa wasichana kilele chake huwa karibu na umri wa miaka 12, na kwa wavulana karibu na miaka 14, na katika kilele hicho msichana anaweza kuongezeka takriban sentimita 8 kwa mwaka na mvulana sentimita 9 au hata zaidi. Mifupa hutangulia kurefuka, misuli na kano hufuata nyuma, na kwa muda fulani mtoto huishi katika mwili ambao ubongo wake bado haujauzoea. Miguu iliyorefuka huhitaji nguvu zaidi kuizungusha hewani. Zoezi alilolifanya bila kufikiri mwezi wa tatu linaweza kumshinda mwezi wa nane, na mwalimu asiyejua sababu humwona mvivu. Mtoto huyo hana uvivu wowote, na kumkaripia wakati huo ni kumwonea.

Kwa hiyo mtoto apimwe urefu kila baada ya miezi mitatu, asubuhi, bila viatu, visigino na mgongo vikigusa ukuta. Penseli, rula na fremu ya mlango vinatosha, mradi tarehe iandikwe. Akiongezeka takriban sentimita 2 katika miezi hiyo mitatu, hesabu yake kwa mwaka ni sentimita 8, na hapo pana kila sababu ya kuamini kwamba kipindi cha ukuaji wa kasi kimeanza. Wanajimnastiki wengi hubalehe wakiwa wamechelewa kidogo kuliko watoto wa rika lao, hivyo umri peke yake hautoshi kukuongoza. Watoto wawili wa darasa la sita waliozaliwa mwezi mmoja wanaweza kutofautiana kwa miaka miwili au zaidi katika ukomavu wa mwili. Ushauri wetu ni kwamba mtoto aliye katikati ya kasi hiyo asipandishwe ngazi. Abaki alipo, apunguziwe marudio ya kutua kwa mshindo, aongezewe mazoezi ya nguvu na ya kunyoosha misuli, na apewe muda wa kuyajifunza upya mambo aliyokuwa anayajua.

Sababu nyingine ya kusubiri ni ya kitabibu. Karibu na ncha za mifupa ya mtoto kuna tabaka laini ambapo mfupa hukua, na tabaka hilo ni dhaifu kuliko mfupa uliokomaa. Katika michezo mingi mikono haibebi uzito wa mwili, lakini katika jimnastiki hugeuka kuwa miguu: mtoto husimama juu yake, huangukia juu yake na hujisukuma kwayo mamia ya mara kwa wiki. Matokeo yake ni maumivu ya kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, yanayotokana na kuumia kwa tabaka hilo. Mzazi anaweza kumchunguza mwanawe nyumbani kwa njia rahisi. Mwambie aweke viganja vyote viwili juu ya meza, vidole vikielekea mbele, kisha aegemeze uzito wake taratibu. Akikunja uso, akigeuza vidole nje ili kukwepa, au akikunja ngumi na kuegemea hiyo badala ya kiganja, kuna tatizo ambalo halipaswi kufunikwa kwa dawa za kupaka. Asiendelee kuegemea mikono, na apelekwe hospitali akapigwe picha. Mambo ya kupanda ngazi yasubiri.

Visigino vinavyouma baada ya mazoezi, na uvimbe wenye maumivu chini kidogo ya goti, hutokea katika kipindi hichohicho cha ukuaji na mara nyingi hutulia kwa kupunguza mzigo wa mazoezi. Maumivu ya mgongo wa chini ni habari tofauti. Mtoto anayeumwa kiunoni kila anapojipinda nyuma anaweza kuwa na ufa mdogo katika mfupa wa uti wa mgongo, na huyo anahitaji daktari hata kama maumivu yenyewe anayaita madogo.

Kuna pia hofu. Mtoto aliyekuwa anabinuka nyuma kwa mikono bila wasiwasi anaweza siku moja kusimama kwenye mkeka na kukataa. Watu wazima huona aibu kwa niaba yake, hasa wazazi wengine wakiwa wamekaa pembeni wanatazama. Tunaomba hofu hiyo iheshimiwe. Simone Biles, aliyekuwa tayari bingwa wa Olimpiki, alijiondoa katika fainali ya timu mjini Tokyo mwaka 2021 baada ya kupoteza uwezo wa kutambua mwili wake uko wapi akiwa hewani, na miaka mitatu baadaye, akiwa na umri wa miaka 27, alishinda mashindano ya vifaa vyote mjini Paris. Ikiwa mwanamichezo wa kiwango hicho aliruhusiwa kusimama, mtoto wa miaka 10 wa mtaa wa Nkuhungu au Kisasa hapa Dodoma anastahili ruhusa hiyohiyo. Kupandishwa ngazi hakuondoi hofu. Huifanya iwe na sababu zaidi.

Ngazi ya juu huja na saa nyingi zaidi za mazoezi, na hapa kuna kanuni ambayo wataalamu wengi wa tiba ya michezo huitumia: saa za mazoezi rasmi kwa wiki zisizidi umri wa mtoto kwa miaka. Mtoto wa miaka 9 asizidishe saa 9. Kama ngazi mpya inamtaka afanye saa 14, basi ngazi hiyo bado si yake, hata kama mwili unaonekana kuweza. Awe na angalau siku moja kwa wiki isiyo na mazoezi kabisa, na ale vya kutosha. Mtoto aliyetoka nyumbani saa 12 asubuhi na akala kidogo mchana hawezi kuanza mazoezi saa 10 jioni akiwa na nguvu salama. Apate kwanza uji wa lishe, au maziwa na ndizi. Jioni, ugali na mlenda wenye karanga, pamoja na dagaa au maharage, ni mlo mzuri wa mwanamichezo anayekua. Yeyote anayemwambia binti apunguze kula ili aruke vizuri anamhatarishia mifupa. Binti aliyefikisha miaka 15 bila kuvunja ungo aonwe na daktari.

Hatuna budi kusema pia juu ya vifaa, kwa kuwa mazingira yetu ya Kanda ya Kati yana ukweli wake. Mabwalo mengi ya shule yana sakafu ya saruji, na mkeka mwembamba juu ya saruji hausaidii sana mtoto anapotua kutoka juu. Nje nako, wakati wa kiangazi, ardhi hukauka na kuwa ngumu. Klabu inaweza kuwa na mtoto aliye tayari kwa kila hali lakini ikakosa godoro nene la kutulia. Katika hali hiyo mtoto asifundishwe mazoezi ya hewani ya ngazi ya juu, na fedha zitafutwe za godoro kabla ya sare mpya.

Wazazi wengi husukumwa na dhana kwamba jimnastiki ni mchezo wa watoto wadogo na kwamba asiyepanda mapema ameachwa. Dhana hiyo ilikuwa na msingi zamani: Nadia Comăneci wa Romania alipata alama 10 kamili mjini Montreal mwaka 1976 akiwa na miaka 14. Lakini Shirikisho la Kimataifa la Jimnastiki lilipandisha umri wa chini wa wanawake kushiriki mashindano makubwa ya kimataifa kuwa miaka 15 mwaka 1981, kisha 16 mwaka 1997, na lilifanya hivyo kwa kuzingatia afya ya wasichana. Oksana Chusovitina wa Uzbekistan alishiriki Olimpiki ya Tokyo akiwa na miaka 46. Kaylia Nemour wa Algeria, aliyeipa Afrika medali yake ya kwanza ya Olimpiki katika jimnastiki mwaka 2024, alikuwa na miaka 17. Mwaka mmoja wa kusubiri ukiwa na miaka 10 haukufungii mlango wowote kati ya hiyo.

Kumchelewesha mtoto aliye tayari ni kosa pia, na tumeliona. Kuna walimu wanaomweka bingwa wao katika ngazi ya chini misimu mitatu ili klabu iendelee kukusanya medali. Mtoto huyo huchoka, hupoteza hamu, na wakati mwingine huumia kwa kutokuwa makini na jambo alilolizoea kupita kiasi. Naye aulizwe anachotaka, akiwa peke yake, mbali na wenzake.

Kwa watoto wetu wa shule, wakati mzuri wa kupanda ni Januari, mwanzo wa muhula, ambapo kuna miezi kadhaa ya kujifunza kabla ya mashindano. Mtoto wa darasa la saba anayekabiliwa na mtihani wa Septemba asibebeshwe ngazi mpya katikati ya mwaka. Miezi mitatu ya kwanza ihesabiwe kuwa ya majaribio: afanye mazoezi ya ngazi mpya, lakini akishindana, ashindane katika ile ya zamani. Alama zake zitashuka atakapoanza kushindana juu, na mzazi aelezwe hivyo mapema. Ikiwa baada ya muda huo anaanguka zaidi kuliko anavyotua, au ameanza kutafuta visingizio vya kutokuja mazoezini, arudishwe chini kwa msimu mmoja, na mwalimu amweleze hilo yeye mwenyewe kwanza, kabla ya wenzake kulisikia, akimwonyesha zoezi gani hasa wataanza kulifanyia kazi wiki inayofuata.