Deki iliyofichwa ndani ya PlayStation 2

Simu ndogo za batani tunaziita vitochi. Jina limetoka kwenye taa yake, wala si kwenye kupiga simu. Hiyo ndiyo kazi ya pili ya kifaa: kifaa hakikuundwa kwa ajili yake, lakini huenda ndiyo inayomfanya mnunuzi atoe pesa mfukoni. Katika mashine za gemu, kazi ya pili iliyobishaniwa zaidi ni kuonyesha filamu.

PlayStation 2, mashine ya gemu ya Sony, iliingia madukani Japani tarehe 4 Machi 2000 kwa yeni 39,800. Wakati huo deki nyingi za DVD ziliuzwa kwa bei hiyo au zaidi, kwa hiyo mzazi asiyetaka hata kusikia habari za gemu alikuwa na sababu ya kulainika: ananunua deki ya nyumba nzima, na watoto wanapata gemu humohumo. Gemu za mwanzo zilikuwa chache na nyingi hazikuwa na kishindo. Ndiyo maana naamini kwamba miezi ile ya kwanza Japani, filamu zilibeba mzigo mkubwa kuliko gemu.

Wala haikuwa deki ya starehe. Katika mashine za kwanza za Japani, programu ya DVD ilikaa kwenye memori kadi. Ikifutika, unaipakia upya kutoka kwenye diski. Rimoti iliuzwa kando, na kipokezi chake kilichomekwa kwenye tundu la padi. Asiyekuwa nayo alisimamisha na kurudisha filamu kwa padi, waya umemvuta karibu na TV. Watu walivumilia yote hayo kwa sababu bei ilikuwa nzuri.

Wengi huishia hapo na kusema DVD ndiyo iliyoipa PlayStation 2 ushindi, kisha wanaitaja mashine pinzani, GameCube ya Nintendo: haikuonyesha DVD, ikauza mashine chini ya milioni 22, wakati PlayStation 2 ilipita milioni 150. Mimi siafiki. Panasonic walitengeneza GameCube yenye DVD, wakaiita Q, wakaiuza Japani kuanzia mwisho wa 2001, na haikupata soko. Mwaka 2006 ikaja Wii, mashine mpya ya Nintendo isiyoonyesha DVD, ikauza zaidi ya milioni 100. Kufikia hapo deki ya DVD ilikuwa rahisi kupatikana, na kutokuwa nayo ndani ya mashine hakukumsumbua mtu.

PlayStation 3, ya mwaka huohuo, ilikuwa na Blu-ray, diski ya filamu iliyokuja kurithi DVD. Marekani iliuzwa dola 499 na 599, wakati deki ya Blu-ray ya Samsung ilikuwa karibu dola 1,000. Kwa hesabu ya mwaka 2000 ingegombaniwa, lakini mwanzo wake ulikuwa mzito, kwa kuwa nyumba nyingi zilikuwa bado zinaridhika na DVD. Aliyefaidika ni Blu-ray yenyewe, ambayo kupitia mashine hizo iliingia majumbani hadi Toshiba wakaachana na HD DVD, mshindani wake, Februari 2008.

PlayStation 2 yenyewe iliendelea kutengenezwa hadi kuelekea 2013. Aliyeinunua miaka ile ya mwisho alikuwa anafuata gemu.