Kijana Anayehoji Sheria Katika Hadithi za Distopia: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Hadithi za distopia, yaani za jamii ya kubuni inayowabana watu kwa sheria zake, huwafunza vijana ukaidi.

Mkaidi hukataa kabla ya kusikia sababu. Mhusika aliyeandikwa vizuri katika hadithi hizi huanza kwa kutii, tena kutii sana, na utiifu huohuo ndio unaozaa swali. Katika The Giver, riwaya ya Lois Lowry ya 1993, Jonas ana miaka 12 wazee wa jamii wanapomkabidhi kazi pamoja na karatasi ya kanuni nane. Ya mwisho inamruhusu kusema uongo. Mvulana huyu amelelewa asiseme uongo kamwe, basi anajiuliza: je, wengine nao walipewa ruhusa hii? Hajavunja chochote, amesoma tu alichopewa. Na anayemfumbua macho baadaye ni mzee, si wa rika lake. Mzazi anayehofia kwamba vitabu hivi vitamgombanisha mtoto na wakubwa wake aanze na hiki.

Dhana: Sheria iwe ya kikatili waziwazi.

Sheria inayochukiza papo hapo haimwachii kijana kazi ya kufikiri. Tazama Pumzi (2009), filamu fupi ya Wanuri Kahiu wa hapa Nairobi. Vita vya maji vimepita, watu wamejifungia ndani, na jasho na mkojo husafishwa ili yanyweke tena. Ni utaratibu wenye akili, na ndio uliowaweka hai. Asha, mtunza makumbusho, anapata udongo wenye unyevu, anapanda mbegu, inachipua. Anaomba kibali cha kutoka nje. Ananyimwa, na anaamriwa ameze vidonge vya kuzuia ndoto. Hapo ndipo sheria nzuri inapoonyesha meno yake.

Kwa hiyo, ukitaka kuandika hadithi ya aina hii, kabla ya sura ya kwanza andika mambo manne: sheria yenyewe kwa sentensi moja, sababu yake kwa maneno ya mtu anayeiamini kwa dhati, anayeitekeleza (afadhali awe jirani kuliko jeshi lisilo na sura), na mtu anayeumia. Miswada mingi hukwama hapa. Utakuta sheria kumi na mbili, na hakuna hata moja inayouma. Sheria moja kuu na mbili tatu zilizozaliwa nayo zinatosha.

Dhana: Haya ni mawazo ya ughaibuni.

Nairobi iliwahi kuwa na kipande, kitambulisho cha lazima cha wakati wa ukoloni. Sheria yake ilitungwa 1915 na ikaanza kutumika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanamume Mwafrika alibeba alama za vidole vyake na kumbukumbu za waajiri wake ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inia shingoni, na kuacha kazi bila sahihi ya mwajiri kulikuwa kosa. Harry Thuku, karani wa simu serikalini, alianza na yale yaliyowabana watu kila siku: kipande, kodi, mishahara iliyopunguzwa. Alikamatwa Machi 1922, na polisi wakaufyatulia risasi umati uliokuja kudai aachiliwe. Mwandishi anayetafuta sheria yenye uzito atazame kile kikebe: kinaonekana, kinagusa ngozi, na kila apitaye anakijua.

Dhana: Shujaa lazima awe kijana, na lazima ashinde.

Winston Smith, mhusika mkuu wa Nineteen Eighty-Four, riwaya ya George Orwell ya 1949, ana miaka 39, na anavunjwa kabisa.

Dhana: Swali la kijana liwe hotuba.

Hotuba huua hadithi kwa sababu hakuna anayelazimika kuijibu. Swali dogo humbana mtu. Chukua Kayole, mtaa wa Nairobi, lakini ya kubuni, miaka ijayo: kila mtu aliyeandikishwa anapata lita tano za maji kwa siku. Sababu ipo, maana kabla ya mgao matajiri walihodhi na watoto wakafa kwa kipindupindu. Mtekelezaji ni mzee wa Nyumba Kumi, yaani kiongozi wa kikundi cha majirani wanaolinda usalama wa mtaa, mtu mwema aliyezika mwanawe mwaka ule. Uandikishaji hufanyika Jumatatu pekee. Msichana wa miaka 14 anafika na mtungi siku ya Jumanne na kuuliza, "Shikamoo, mzee. Mama amejifungua usiku. Mtoto anakunywa ya nani mpaka Jumatatu?" Mzee akisema "ya mama yake", amejibu kwa sheria, akichota lita tano, ameivunja mwenyewe. Mwache achague mbele ya foleni nzima.