Nyumba ya kando ya bahari: ikagueni kabla ya kuipaka rangi

Familia ikiamua kuuza nyumba iliyo karibu na bahari, mara nyingi anayeitwa kwanza ni fundi rangi. Mimi ni mkaguzi wa majengo, na huwasihi wauzaji wote: ukaguzi utangulie, rangi ifuate. Rangi mpya huficha dalili ninazozihitaji.

Hivi karibuni nilikagua nyumba ya ghorofa ambayo watoto sita walikulia humo. Chini ya roshani, upande wa baharini, palikuwa na ufa mwembamba ulionyooka sambamba na ukingo. Mama mwenye nyumba akaniambia, "Mwanangu, huo tumeuziba mara tatu, na kila tukiuziba unarudi." Maneno hayo yalinisaidia kuliko kifaa chochote. Nyufa za lipu iliyokauka vibaya hutambaa ovyo. Ufa ulionyooka, tena unaorudi, aghalabu una nondo nyuma yake.

Nikagonga kwa nyundo ndogo. Zege zima hutoa mlio mkavu, mkali. Pale penye ufa mlio ulikuwa mzito, wa kitu kilicho na uwazi ndani. Kipande cha ukubwa wa kiganja kikaachia, na nyuma yake nondo ilikuwa imevimba kwa kutu, tabaka juu ya tabaka, unazibandua kwa ukucha.

Zege jipya lina alkali nyingi, pH yake (kipimo cha asidi na alkali) ikiwa 12 hadi 13, na katika hali hiyo chuma hujivika utando mwembamba mno unaokikinga na kutu. Upepo wa bahari huleta chembe za maji ya chumvi. Zikikauka ukutani chumvi hubaki, na unyevu ukirudi huyeyuka na kupenya. Kloridi, sehemu ya chumvi hiyo inayoshambulia chuma, ikishafika kwenye nondo kwa wingi, huutoboa ule utando hata kama zege lenyewe bado ni gumu. Kisha kutu huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, kati ya mara 2 na 6. Zege halistahimili kusukumwa kutoka ndani, hivyo linapasuka, na ufa unafungulia njia maji na hewa zaidi. Ukiuziba kwa saruji na kupaka rangi, nondo inaendelea kuliwa mahali usipopaona.

Kuna jambo zito zaidi. Nyumba nyingine zilijengwa kwa mchanga wa ufukweni usiooshwa, kwa hiyo chumvi iliingia siku ile ile zege lilipomwagwa. Ili kujua, natoboa kwa drili hatua kwa hatua, na unga wa kila kina unapimwa kloridi maabara. Ikiwa nyingi karibu na uso wa zege na kupungua kadiri unavyoingia ndani, imetoka hewani. Ikilingana kote, nashuku mchanga au maji ya kuchanganyia, na hapo kila nguzo na kila boriti ina swali lake. Mnunuzi ana haki ya kulijua hilo kabla ya kutia saini.

Bawaba, misumari ya bati na vitasa navitazama upesi, vikiliwa, vinabadilishwa. Kisima nakipima chumvi mwishoni mwa kiangazi, wakati maji matamu yamepungua na ya bahari yamesogea.

Katika nyumba ile chumvi ilikuwa imeingia kutoka hewani, na uharibifu ulikuwa ukingoni mwa roshani tu. Hukatwa zege bovu lote mpaka nyuma ya nondo, chuma husuguliwa mpaka king'ae, palipokonda huongezwa nondo, kisha zege jipya hufunika chuma kwa milimita 40 hadi 50. Mama aliuliza mnunuzi ataaminije kilichofukiwa. Nikamwambia wapige picha nondo ikiwa wazi, kila hatua, na waziweke pamoja na ripoti yangu. Akamwita binti yake alete simu, tukaanza na kile kipande kilichoanguka.